KUBAINISHA AIBU YA BIDHAA: MAS'ALA YA SAA YENYE HANJARI

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyetufungulia mlango wa biashara iliyo safi. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, aliyekuwa mfanya biashara kabla hajapewa Utume na watu wa Makka wakamwita Mwaminifu, na ziwashukie jamaa zake na Sahaba zake wote.

Amma baadu. Enyi ndugu zangu Waislamu, katika mwezi wa Shaaban uliopita alinijia kijana mmoja baada ya sala ya Alasiri. Akangoja mpaka watu wakatoka msikitini, kisha akanitolea saa ya mkono iliyofungwa ndani ya leso, akaniambia: "Maalim, saa hii naiuza. Sikuja kukuuzia wewe; nimekuja kukuuliza neno moja juu yake."

Saa yenyewe ni ya chuma kisichoshika kutu, ya kampuni ya Rolex ya Geneva, na uso wake ni mweusi. Upande wa chini wa uso huo, pale akrabu ndefu ifikapo nusu saa, pamechorwa hanjari, yaani jambia la Kiomani lililopindwa, kwa rangi nyekundu. Wajuao khabari za saa hawahitaji kuelezwa maana ya alama hiyo, lakini wengi katika sisi hatuijui, kwa hivyo nitaieleza kidogo. Sultani Qaboos bin Said alishika ufalme wa Oman mwaka 1970, akaushika mpaka alipofariki mwaka 2020. Katika ile miaka ya 1970 aliagiza saa za kampuni hiyo kwa njia ya duka la Asprey la London, apate kuwatunukia watu waliomtumikia, na miongoni mwao walikuwamo maofisa wa Kiingereza waliopigana katika vita vya Dhofar. Saa hizo zilikuwa na mashine ile ile na chuma kile kile cha saa nyengine za kampuni. Tofauti yake ni kuwa uso wake ulitiwa hanjari, ambayo pamoja na panga mbili zilizopishana ndiyo nembo ya dola ya Oman. Leo watafutao saa za kale hutoa kwa saa yenye hanjari ya kweli thamani iliyo mara nyingi kuliko ya ndugu yake isiyo nayo. Basi fahamuni: mali yote hiyo ya ziada imekaa juu ya tone la rangi lisilozidi ukucha wa kidole cha mwisho.

Baba wa kijana huyu alikuwa mtu wa Unguja. Alitoka huko baada ya mambo ya mwaka 1964, na mlango wa Oman ulipofunguliwa kwa watu wa asili yake baada ya 1970 akenda Maskati, akafanya kazi, akarudi Mombasa uzeeni na saa hii mkononi. Akizoea kusema barazani kwamba saa ile alipewa na serikali ya Sultani kwa ajili ya utumishi wake. Alipokufa aliacha mjane na watoto wawili wadogo wa mjane huyo, na mwanawe huyu mkubwa ambaye mamake alikwisha kufa, na deni. Kijana akaona hapana kitu cha kuuzwa ila ile saa. Akaipeleka kwa fundi iondolewe vumbi kabla ya kuonyeshwa wanunuzi.

Fundi akafungua mgongo wake, akaisifu mashine. Kisha akang'oa akrabu, akautazama uso kwa kioo cha kukuzia, akanyamaza kitambo. Akamwambia kijana: "Uso huu umepakwa rangi mara ya pili." Herufi zake zimevimba pembeni, na rangi nyeusi imepanda juu ya mistari ya dakika ambayo ilipasa kuwa wazi. Tena akamwingiza katika chumba cha giza. Saa za zama zile, alama zake za kung'aa usiku zilitiwa dawa iitwayo tritiamu, na ndiyo maana chini ya uso huandikwa herufi T. Na dawa hiyo kila miaka 12 hivi nguvu yake hupungua nusu. Saa ya miaka ya 1970 leo haina budi kuwa kipofu gizani, ama kubakiwa na mwanga mdogo usiodhaniwa. Ile ya marehemu ikang'aa kama taa ya karabai. Basi aliyeupaka uso aliupaka wote kwa dawa mpya, na hanjari ikatiwa siku hiyo hiyo, juu ya rangi mpya. Ni lini na ni nani, fundi hakuweza kusema.

Sasa sikilizeni maneno ya kijana. Alisema: "Maalim, mimi sikuichora. Mnunuzi ana macho yake na ana fundi wake. Nikisema, nawapunguzia mayatima haki yao na deni la baba huenda lisilipike. Na zaidi ya hayo namwaibisha baba yangu naye yu kaburini, kwani watu watasema alikuwa akituongopea barazani miaka yote ile. Je, sharia yanilazimisha kusema?"

Sikumjibu siku ile. Si kwamba hukumu yake ni ngumu, kwani yajulikana na kila mwanafunzi aliyesoma mlango wa bei katika vitabu vyetu vya madhihabu ya Shafii. Bali niliona kijana hakuja na uchu wa mali. Alikuja na hoja, na kila hoja imevaa kanzu na kilemba. Uwongo uliovaa nguo chakavu sote twaufukuza mlangoni. Ule uliovaa kilemba twaupisha mbele.

Hoja ya kwanza ni kusema, mimi sikuichora. Nani kati yetu asiyeijua khabari ya Mtume wetu (s.a.w.) alipopita sokoni akaona chungu ya nafaka, akaingiza mkono wake ndani, vidole vyake vikakuta maji? Alimuuliza mwenyewe, ni nini hii? Yule mtu akajibu kwamba nafaka ilinyeshewa na mvua. Wengi husimulia mwisho wa khabari hii, yale maonyo makali juu ya mwenye kughushi, na huupita upesi huu udhuru wa muuzaji. Mimi nawaomba msimame hapa. Mvua haikuwa dhambi ya yule mtu. Hakumwaga maji yeye. Maji yalishuka mbinguni. Na Mtume (s.a.w.) hakumlaumu kwa maji, alimlaumu kwa kuyaweka chini na kuiweka ile kavu juu, watu wasione. Basi mvua ya yule muuzaji ndiyo rangi ya kijana wetu. Hakuitia yeye, lakini leo aijua, na mnunuzi haijui, na mkono wake yeye ndio utakaoigeuza saa ile iwe na upande mkavu juu.

Pengine utasema: saa ile yaenda sawasawa, haipungui dakika, basi aibu yake i wapi? Huku ni kudhani kwamba aibu ni kule kuharibika tu. Wanavyuoni wetu huhesabu kuwa aibu kila lenye kupunguza kitu au kupunguza thamani yake, ikiwa limempotezea mnunuzi kusudio lake lililo sahihi, na ikiwa kwa kawaida kitu cha namna ile huwa hakina upungufu huo. Mwenye kutafuta saa ya kale hatafuti kujua wakati. Wakati aujua kwa simu yake iliyo mfukoni. Autafuta uso ule uliotoka kiwandani. Kwake yeye uso uliopakwa upya ni kama ng'ombe wa maziwa aliyekauka kiwele: miguu yake mizima na pembe zake nzuri, lakini hakununuliwa kwa pembe.

Na mfano wa kiwele sikuuleta bure. Mtume (s.a.w.) alikataza kumfunga mnyama chuchu asikamwe siku mbili tatu, ili siku ya kuuzwa kiwele kijae, mnunuzi adhani ni desturi yake. Aliyenunua mnyama wa namna hiyo ana khiyari ya kumweka au kumrudisha, na akimrudisha atatoa pishi ya tende badala ya maziwa aliyokama. Imam Nawawi katika Minhaj ameingiza katika hukumu hiyo mtu azuiaye maji ya mfereji au ya kinu cha kusagia, kisha ayafungue yaende kwa nguvu wakati wa kuuza. Na mwenye kutia wekundu usoni na weusi nyweleni. Tazameni jinsi walivyokuwa na macho wazee wetu. Hawakujua saa za Geneva, lakini walijua kuwa uso hupakwa rangi, na kwamba kitendo huweza kusema uwongo bila ya ulimi kufunguka. Hanjari ile nyekundu ni ulimi. Ukiishika saa mbele ya mtu nawe kimya, hanjari yasema: natoka kwa Sultani.

Yuko mtu aliyesoma soma, akanikabili barazani kwa neno hili: vitabu vile vile vyasema kwamba aliyenunua kipande cha kioo akidhani ni johari hana khiyari ya kurudisha, kwa sababu amefanya uzembe mwenyewe, basi mnunuzi wa saa naye ajitazamie. Nikamwambia, umesoma mstari ukaacha mlango. Mas'ala yale ni ya mtu aliyejidanganya kwa dhana yake, hali muuzaji hakukiita kioo johari wala hakukitengeneza kionekane johari. Hukumu yake ni juu ya kurudisha mali mbele ya kadhi. Haikutolewa iwe ruhusa kwa mwenye kuijua aibu akae kimya. Kubainisha aibu ni wajibu kwa nafsi yake, ijapokuwa mnunuzi hatakwenda kwa kadhi, ijapokuwa atakufa hajajua.

Wala msihadaike na lile neno la madalali, "nauza kama ilivyo." Katika madhihabu yetu sharti la kuwa muuzaji yu mbali na kila aibu halimwokoi, isipokuwa aibu ya ndani ya mnyama ambayo mwenyewe hakuijua, kwani mnyama hula na hunywa na maradhi yake hufichika. Saa haili wala hainywi. Na hata katika mnyama, aliyeijua aibu hapati nafuu kwa sharti hilo. Kwa hivyo neno "kama ilivyo" katika kinywa cha mtu aliyeambiwa na fundi wake khabari yote ni kufunga chuchu kwa kamba nyengine.

Ama mayatima, hapo moyo wangu ulilainika, na nadhani hata msomaji utalainika. Lakini tutazame mambo kwa taratibu yake. Mali ya maiti haiwi ya warithi mpaka limelipwa deni na kutimizwa wasia wake ndani ya thuluthi. Na kinachobaki ndicho cha warithi. Basi mayatima wale haki yao ni katika saa ile kwa thamani yake ya kweli, iliyo na uso uliopakwa. Ile ziada ya hanjari haikuwa mali ya baba yao hata siku moja, hawezi kuirithisha. Ni mali iliyo mfukoni mwa mtu mwengine ambaye bado hajafika dukani. Mlezi anayempokonya mtu ili amlishe yatima hakumlisha yatima. Amemfanya mshirika, na mtoto mwenyewe hana khabari. Na deni vivyo hivyo. Twamwombea maiti apunguziwe mzigo, kisha tumlipie deni moja kwa kumfungulia jengine?

Sasa nafika kwenye lile lililomkereketa kijana zaidi ya yote, nalo ni heshima ya mzazi. Katika lugha ya sharia kasoro ya bidhaa huitwa aibu, nasi Waswahili tumelichukua neno lile lile tukaliweka katika mambo ya fedheha. Kwa sababu hiyo mtu wa pwani akiambiwa, taja aibu ya kitu chako, moyo wake husikia, jifedheheshe. Nami nimewaona watu wazima, wasaliji, wasiokula dhuluma ya mtu, wakashindwa kutaja ufa wa jahazi kwa sababu jahazi ni la babu yao.

Nilimwambia: "Mwanangu, wewe umejuaje kuwa baba yako aliongopa?" Akasema, si fundi amesema hanjari ni ya baadaye? Nikamwambia, fundi amesema juu ya rangi. Hakusema juu ya baba yako. Huenda marehemu alipewa kweli saa na mkubwa wake wa kazi, nayo haina hanjari, akapenda kuitia mwenyewe kuwa kumbukumbu. Huenda alikuwa na uso wenye hanjari ya kweli ukaliwa na unyevu wa bahari, fundi mmoja akaupaka upya akaifuatisha alama iliyokuwapo. Huenda aliinunua mkononi mwa mtu akahadaiwa yeye, naye akasimulia alivyosimuliwa. Na huenda aliongeza chumvi barazani kama wazee waongezavyo. Katika njia hizi zote wewe hujui iliyo kweli, na sharia haikukulazimisha kuchagua iliyo mbaya ukaitangaza. Dhana njema kwa maiti ni haki yake, na zaidi maiti huyo akiwa ni mzazi.

Basi atasema nini? Atasema alichokijua, asipunguze wala asizidishe: uso huu umepakwa upya, hanjari yake imetiwa juu ya rangi mpya, fundi ameuona na mlango wake u wazi ukitaka kumuuliza. Ayaseme hayo kabla ya kutajwa bei, wala si baada ya mnunuzi kuipenda na kuona haya kurudi nyuma. Hadithi ya barazani asiitie katika biashara kabisa. Akiulizwa asili yake, na ajibu kuwa hana yakini; maana kuisimulia kwa sauti ya huzuni, "baba yangu alikuwa akisema," baada ya kwisha kutaja aibu, ni kurudisha kwa mkono wa kushoto kile ulichokitoa kwa mkono wa kulia. Na picha zipelekwazo kwa simu zipigwe mchana, uso wa saa karibu, bila ya kuchagua kivuli kinachositiri. (Nimeonyeshwa saa nyeusi zilizochomwa kwa moto makusudi zigeuke rangi ya kahawia, kwa kuwa uso uliogeuzwa na jua la miaka mingi hupendwa na wanunuzi. Mtu huyo amelighushi hata jua.)

Wala jambo hili si la mwenye mali peke yake. Sahaba Wathila bin al-Asqa (r.a.) alikuwa amesimama mahali, mtu akauza ngamia kwa dirhamu 300. Wathila alikuwa ameghafilika. Alipozindukana mnunuzi amekwisha ondoka na ngamia wake. Akamwandama mbio akimwita, akamuuliza kama amemnunua kwa nyama au kwa safari. Akajibu, kwa safari. Wathila akamwambia kuwa kwato lake lina tundu aliloliona mwenyewe, na hawezi kuendelea na mwendo. Mnunuzi akarudi, na muuzaji akapunguza dirhamu 100, kisha akamlalamikia Wathila kwamba amemharibia biashara yake. Wathila akamjibu kwamba walimpa Mtume (s.a.w.) ahadi ya kumtakia kheri kila Mwislamu. Basi ewe fundi wa saa, nawe dalali ukaaye kibarazani ukasikia bei ikipatana, kujua kwenu ni amana. Na wewe mnunuzi usidhani umesalimika. Jarir bin Abdillahi (r.a.) alinunuliwa farasi kwa 300, alipomwona ni bora kuliko bei hiyo alimwendea mwenyewe akawa ampandishia mpaka akafika 800. Wako katika miji yetu watu wanaozunguka kwa wajane kununua saa na vitasa vya shaba na masanduku ya kale kwa thamani ya kilo mbili za nyama, nao wajua vizuri watakavyoviuza. Hao wajisomee khabari ya Jarir.

Kijana alirudi kwangu katika siku kumi za mwisho wa Ramadhani. Wanunuzi wawili waliposikia khabari ya uso waliirudisha saa ndani ya leso wakaenda zao, na mmoja wao akamcheka. Wa tatu, mtu wa makamo asiyemjua, aliitazama sana, akaenda kwa fundi akarudi, akatoa bei ya saa ya chuma ya kampuni ile yenye mashine nzima na uso uliopakwa. Ililipa deni lote. Kilichobaki hakikuwa kingi. Mjane alipata thumuni yake, na mafungu ya watoto wadogo yamewekwa kwa jina lao.

Walipokuwa wakiagana mnunuzi alimuuliza, hii hanjari aliitia nani? Kijana akajibu, "Sijui". Na saa ikatiwa ufunguo, ikaenda na mwenyewe.

Wallahu aalam.